Paa Halipigwi Deki

Masouda alianza kuchoka kabla jua halijatoka. Na si siku moja, kila siku. Mama yake, Bi Mahbuba, alimwamsha kwa sala ya alfajiri, na sala ikiisha tu walishika kila mmoja mtungi wake, wakatoka nje ya lango la mji kwenda kisimani kuteka maji matamu ya kunywa. Kurudi ni mwendo wa kupanda, mtungi kichwani, shingo imekakamaa. Wakifika nyumbani uji haujapikwa, mbuzi wa mwenye nyumba analia uani, na Hamdiya, mdogo wake wa miaka saba, amelala tena palepale juu ya msala. Hapo ndipo kazi zilipoanza hasa: kupika, kuosha, kwenda chuoni kusoma Qurani, kurudi, kuosha tena. Alikuwa na miaka kumi na miwili, lakini ungemwona anavyokaa chini na kunyoosha miguu yake, ungesema huyu ana wajukuu.

Ilikuwa mwaka 1966, nao walikuwa na mwaka wa pili Maskati. Walitoka Unguja na masanduku mawili ya nguo na birika moja la shaba, basi. Baba alikuwa Kuwait akifanya kazi, na barua zake zilikuja kwa nadra. Waliobaki, yaani Mama, Bibi Nasriya aliyemzaa baba, Masouda na Hamdiya, walipewa chumba na ukumbi mdogo na Bi Shaikha, jamaa wa marehemu babu. Bi Shaikha ni mzaliwa wa Maskati, lakini ujanani alikaa Unguja miaka mitano, na Kiswahili chake hakikumtoka tena. Alikichanganya na Kiarabu, akakoroga, na kila mtu alimwelewa, hasa akigomba.

Mama alishona kofia za mkono kutwa kucha, akizipeleka kwa mwenye duka sokoni. Macho yalimwuma, akayafikicha, akaendelea. Hakuna aliyelalamika katika nyumba ile, kwa sababu kulalamika nako kunataka nguvu.

Aliyetaabika zaidi ni Bibi Nasriya. Alikuwa na pumu. Majira ya baridi yote alilala chumbani, mlango umefungwa, moshi wa makaa umejaa ndani, na kifua kikimlia filimbi. Sasa baridi imekwisha, joto linabisha hodi, na joto la Maskati si mchezo: kuta nene za udongo hulinywa mchana, usiku zikalitapika ndani. Mwaka uliopita Bibi alikaa usiku kucha ameegemea ukuta akitafuta pumzi, mpaka siku walipompandisha juu ya paa. Kule juu alilala kama mtoto mchanga.

Ndivyo walivyoishi watu wa mji ule. Joto likianza, nyumba nzima huhamia juu, vitanda, mito na watoto. Mapaa yao si ya bati wala makuti. Ni bapa, kama uwanja. Fundi hupanga boriti, juu yake mikeka, juu ya mikeka udongo uliokandwa pamoja na makapi ya ngano, ukashindiliwa mpaka ukakauka ukawa mgumu. Boriti zenyewe zililetwa zamani kutoka pwani ya Afrika. Bibi Nasriya akilala chali alizitazama na kusema, "Hizi nazo zimehama kama sisi."

Basi Alkhamisi moja, mwishoni mwa mwezi wa tatu, Bi Shaikha alimwita Masouda chini ya ngazi.

"Ya binti, nisikilize," alisema, kidole juu. "Huko paani hakujapanda mtu miezi mitano. Leo chuo hakuna, utapasafisha. Fagia kavu. Kavu, umesikia? Taka utie kapuni, ushuke nazo ukazimwage nje. Kila ufa utakaouona utie alama ya kaa, ili Fundi Suud akija Jumamosi ajue pa kuziba. Na maji usipandishe hata tone."

"Hata la kufutia kinyesi cha njiwa, Bi Shaikha?"

"Hata la kutawadhia," alijibu Bi Shaikha, akaenda zake kumtazama jirani mgonjwa.

Mama naye alikuwa anatoka na furushi la kofia. "Umemsikia mwenye nyumba," alisema. "Fanya kama alivyokwambia, mwanangu. Wiki ijayo nataka Bibi alale juu. Haniambii, lakini n'namsikia, hajalala siku ya tatu hii."

Masouda alichukua fagio la chelewa, kapu na kipande cha kaa, akapanda. Alipofika juu mikono ilimwanguka. Mchanga ulioletwa na upepo umejaa pembeni, kunguru wameacha miba ya samaki, majani makavu, kamba zilizooza, kiatu kimoja kisicho na mwenyewe, na kinyesi cha njiwa kimeganda kila mahali. Alifunga kanga kiunoni, akainama, akaanza.

Kapu la kwanza alishuka nalo mbiombio. La pili taratibu. Ngazi zilikuwa ishirini na moja, zimepinda gizani, na vumbi lilimwingia machoni na mdomoni. Aliona ufa mmoja, akautia alama. Akaona mwingine, mrefu, katikati ya paa, penye kibonde. Akasema atautia akifagia upande ule. Kapu la tatu. Kapu la nne. Jua likapanda, mgongo ukawaka moto. Kinyesi cha njiwa hakikutaka kutoka mpaka apige magoti na kukikwangua kwa kigae. Alipoinua kichwa na kutazama, hata nusu hajafika.

Akakaa chini. Machozi yalikuwa karibu, ya uchovu tu.

"Kwetu kazi hii ingekwisha zamani," alijiambia. Na kweli, kwao Unguja kila Alkhamisi baraza ilipigwa deki. Maji ndoo kwa ndoo, fagio nyuma yake, taka zote hizo zinakwenda zenyewe, na sakafu inabaki inang'aa. Mwanamke asiyepiga deki alisemwa mtaa mzima. Masouda alikumbuka harufu ya baraza iliyorowa, na moyo ukamwuma. Halafu akalitazama paa, akautazama mlizamu ukutani, ule mfereji wa mti unaotoa maji ya mvua kuyatupa kichochoroni. Mvua si maji? Mvua inanyesha humu humu na paa lipo. Bi Shaikha hajui deki, basi. Wazee wa huku ndivyo walivyozoea, vumbi kwa vumbi.

Uani mlikuwa na kisima cha maji ya chumvi, ya kufulia. Alishuka.

"Hamdiya! Njoo nivutie maji."

Hamdiya alikuja, akasimama na kidole mdomoni. "Bi Shaikha kasema maji hapana."

"Bi Shaikha hajui. Wewe vuta."

"Kasema hata tone."

"Ala! Nani mkubwa, mimi au wewe? Vuta kamba."

Walipandisha ndoo nane. Ndoo ya kwanza Masouda aliimwaga kwa woga. Ya pili akacheka. Uchafu uliomtesa tangu asubuhi ulilainika, ukaanza kuelea, naye akausukuma kwa fagio mpaka mlizamuni, na maji meusi yakamwagika kichochoroni, shaa! Alipiga deki paa lote. Maji mengine yalikataa kutoka, yakasimama kwenye kile kibonde cha katikati. Aliyasukuma, yakarudi. Akaona hapana neno. Baada ya muda alipotazama tena kibonde kilikuwa kikavu, akadhani jua limeyanywa.

Paa lilikuwa safi, rangi moja, laini kama limepakwa mafuta. Nyufa zote zilikuwa zimefunikwa na tope jepesi, hata ile yenye alama ya kaa. "Hakuna ufa," alisema Masouda kwa sauti, ingawa alijua ameuona.

Mama alirudi kabla ya adhuhuri, kanga imerowa jasho. Alikaa kizingitini akavua viatu.

"Masouda!"

"Bee, Mama."

"Umemaliza juu?"

"Nishamaliza."

"Ulifagia kavu?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Masouda aliiona wazi, neno moja tu. Lakini aliutazama uso wa Mama, macho mekundu ya sindano, akafikiri, nikisema nitapigiwa kelele, na mimi nimechoka.

"Kavu," alisema.

"Mbona kichochoro kimerowa?"

"Nimemwaga maji ya kufulia."

Hamdiya alimtazama dada yake. Masouda akamtumbulia macho, na mtoto akainamisha kichwa.

"Mungu akuweke, mwanangu," alisema Mama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. "N'nakutwisha mzigo mkubwa, najua. Nakushukuru."

Masouda angependa apigwe kofi kuliko kuambiwa maneno yale. Aliingia jikoni akawa anasugua sufuria lililo safi.

Walikula wali na samaki wa kukaanga. Bibi Nasriya alikula matonge matatu, akasukuma sahani. Kifua kilikuwa kikimlia. Mama alimsugua mgongo kwa mafuta ya karafuu, akamlaza kwenye kitanda cha kamba, katikati ya chumba, mbali na ukuta wenye joto.

"Mahbuba, leo nna usingizi," alisema Bibi kwa sauti ndogo, kama anayeogopa usingizi utasikia ukimbie. "Naona unakuja."

"Lala, mama. Lala."

Na kweli akalala. Mama alisikiliza pumzi yake, kisha akawatolea watoto kidole. "Siku tatu hajafumba macho. Atakayemwamsha leo atanitambua. Masouda, mpepee taratibu." Akatoka ukumbini na kofia yake na sindano yake.

Masouda alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, akipepea. Joto, kimya, nzi mmoja. Macho yake yenyewe yalikuwa yanafumba. Ndipo akaona kitu kimedondoka juu ya kanga ya Bibi. Kidogo, cha rangi ya chai. Akakigusa. Tope.

Likadondoka jingine.

Aliinua macho. Kwenye mkeka wa dari, kati ya boriti mbili, palikuwa na doa la maji. Lilikuwa la ukubwa wa sahani. Masouda alipepea na kulitazama, akapepea na kulitazama, akijiambia kwamba lilikuwapo tangu zamani. Lakini doa la zamani halikui, na hili lilikua. Punde likawa kubwa kama sinia, mkeka ukaanza kufanya tumbo, na mchanga ukamiminika kwa uzi mwembamba ukutani. Boriti moja ikasema ka!, mlio mdogo tu.

Alitoka kwa ncha za vidole, akapanda zile ngazi ishirini na moja. Juu paa lilikuwa linang'aa juani, zuri. Alinyoosha mguu akakanyaga kwenye kile kibonde, na mguu ukazama mpaka kifundoni. Jua halikunywa kitu. Maji yote yalikuwa yameingia ndani.

Alishuka mbio. Bibi alikuwa bado amelala, mdomo wazi kidogo, filimbi ya kifua imetulia. Masouda alishika ncha ya kitanda akavuta. Hakikwenda. Akavuta tena kwa nguvu zake zote, kitanda kikalia, Bibi akageuka ubavu, na kikabaki palepale.

Alisimama pale. Akisema, Mama atajua kwamba alimdanganya, na ile "Mungu akuweke" itakuwa bure. Akisema, Bi Shaikha atawafukuza, na hawana kwingine, baba yuko Kuwait, Unguja hakurudiki. Asiposema, pengine udongo utakauka. Pengine hautaanguka. Pengine utaanguka usiku watu wakiwa nje. Alihesabu hizo pengine zote, na huku tope likamdondokea Bibi shavuni, na Bibi akalipangusa usingizini kama anayepangusa nzi.

Masouda alikimbia ukumbini.

"Mama."

Mama alikuwa anasinzia, sindano mkononi. "Bibi kaamka?"

"Hajaamka. Mama, nilipiga deki."

"Deki ya wapi? Nenda kampepee."

"Paani, Mama! Nilimwaga maji ndoo nane. Nilikudanganya, sikufagia kavu. Dari inashuka, iko juu ya Bibi, nimevuta kitanda hakiendi!"

Mama alimtazama mara moja tu. Masouda hatausahau mtazamo ule mpaka anaingia kaburini. Kisha kofia ikaanguka, na Mama akawa ndani. Alimshika Bibi mabegani, Masouda akamshika miguu, Hamdiya akabeba mto, hata hakuambiwa.

"Kuna nini?" aliuliza Bibi Nasriya, macho nusu. "Nimekufa?"

"Hujafa, mama. Tunakuhamisha."

Walikuwa hawajamkalisha vizuri kwenye mkeka wa ukumbini pale boriti ilipokatika. Haikupiga kelele nyingi. Ilikuwa sauti nzito, kama gunia la mchele linalotupwa chini, halafu vumbi likatoka mlangoni likawafunika wote. Lilipotua, walitazama ndani. Kitanda cha kamba kilikuwa kimevunjika katikati. Juu yake lilikaa bonge la udongo mbichi ambalo watu wawili wasingelibeba, palepale palipokuwa na mto, na juu ya bonge mwanga wa jua ukiingia kutoka mbinguni.

Mama alimkumbatia Bibi akalia, na Bibi, masikini, alikohoa na kukohoa na kusema, "Alhamdulillahi. Mbona mnalia? Nipo, nipo hapa."

Bi Shaikha aliingia akikimbia, buibui limemteleza kichwani. Alichungulia chumbani. Akatazama juu, akatazama chini.

"Nani aliyetia maji?"

Mama alifungua mdomo, lakini Masouda alitangulia. "Mimi. Hamdiya hana kosa, nilimlazimisha. Na Mama nilimwambia nimefagia kavu."

"Nilikwambia nini?"

"Hata tone."

"Nilikwambia nini tena?"

"Hata la kutawadhia."

Bi Shaikha aligomba. Aligomba kwa Kiswahili kikamwishia, akagomba kwa Kiarabu, akarudi kwenye Kiswahili. Masouda alisubiri neno moja tu, "tokeni." Halikuja. Badala yake Bi Shaikha alivuta pumzi, akamwinua Bibi Nasriya kwa mkono wake mwenyewe, akampeleka chumbani kwake na kumlaza kitandani kwake.

Fundi Suud aliitwa alasiri ileile. Alipanda, akagonga hapa na pale kwa fimbo, akashuka akijipangusa mikono.

"Boriti moja ilikuwa imeanza kuoza toka zamani," alisema. "Mvua za baridi ziliingia kwenye ufa, zikaila. Mvua ikipita udongo unapata siku za kukauka. Lakini ndoo nane zimesimama mahali pamoja, juu ya ufa wazi, na maji yenyewe ya chumvi, hapo hapana paa." Akamgeukia Masouda. "Ufa huo hukuuona?"

"Niliuona."

"Uliutia kaa?"

Masouda alitikisa kichwa.

"Basi mie ningeukuta Jumamosi, ningeziba kabla ya magharibi. Sasa ni kazi ya wiki mbili, na mimi nna mikono miwili tu."

"Na yangu," alisema Masouda.

Usidhani alisema kwa ushujaa. Alisema kwa sababu hakuwa na la kusema jingine. Na alilipia neno lake. Kila siku akitoka chuoni alivua viatu, akaingia kwenye shimo la udongo nyuma ya nyumba, akaponda udongo na makapi kwa miguu, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka Fundi Suud aseme umeiva. Kisha akaupandisha kwa makarai, ngazi ishirini na moja, mchanga ukimkwaruza kichwani. Makapi yalimchoma nyayo, zikatoka malengelenge. Usiku alilala bila kugeuka. Hesabu yake ya uchovu ya zamani, mtungi na sufuria, sasa aliiona ilikuwa mapumziko.

Lakini miguu haikumuuma kama alivyomuuma Mama. Mama hakumpiga, hakumgombeza. Siku tatu alimwambia maneno ya kazi tu, lete, weka, mpe Bibi, na kila Masouda alipojibu, Mama alikwenda kuhakikisha mwenyewe. "Umefunga mlango wa mbuzi?" "Nimeufunga." Na Mama, amechoka vile, ananyanyuka kwenda kuutazama mlango. Hilo ndilo lililomliza Masouda, si malengelenge.

Joto likaja kabla paa halijakauka. Bibi Nasriya alikaa chumbani kwa Bi Shaikha, mlango na madirisha wazi, na usiku Mama na Bi Shaikha walipokezana kumpepea, huyu akilala huyu anakaa. Bi Shaikha, mwenye nyumba, alilala chini juu ya mkeka. Masouda aliona hayo yote, na kila asubuhi aliingia shimoni mapema zaidi.

Siku udongo wa mwisho ulipopakwa, Bi Shaikha alipanda na dele la kahawa na sahani ya tende. Alimpa Fundi Suud kikombe, akampa Masouda kikombe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wakaketi pembeni, palipokauka, Mama naye akapanda.

"Sasa nikwambie," alisema Bi Shaikha. "Unadhani niligomba kwa ajili ya paa?"

"Ndiyo, Bi Shaikha."

"La. Maji ulipandisha kwa uvivu kidogo na kwa ujuaji mwingi. Watu wa Unguja mna maradhi ya deki, nayajua, na mie nilirudi nayo. Mwaka nilioolewa nililiosha jiko la mama mkwe wangu mpaka ukuta ukalala chini." Fundi Suud alicheka, kahawa ikampalia. Bi Shaikha hakucheka. "Hilo ni kosa la mikono, na mikono imelilipa, tumekuona. Kosa nililogombea ni lile la kusema 'kavu'. Mama yako alikuuliza, ukamwambia kavu, akaamini, akamlaza mzee wake pale. Akamlaza kwa neno lako, binti. Umefahamu?"

Masouda aliinamisha kichwa. Machozi yalidondoka kwenye kikombe.

"Na nikwambie la pili, usije ukaondoka na nusu. Ulisema. Ulichelewa, lakini ulisema kabla, na ulisema huku unaogopa. Udongo wa kuzibia paa upo tele bondeni, kila mwaka tunauchimba. Nasriya mwingine tungemchimba wapi?"

Mama alisogea, akamvuta Masouda, akamlaza kichwa pajani, akaanza kumtoa makapi kwenye nywele, moja moja.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala ya magharibi, Bibi Nasriya alipanda ngazi ishirini na moja, akipumzika kila ngazi ya tano. Walimtandikia kitanda kipya kilichosukwa na Fundi Suud. Bibi alilala chali, akatazama juu, na safari hii hapakuwa na boriti. "Ah," alisema, na hilo ndilo neno lake la mwisho mpaka asubuhi.

Masouda aliamka kabla ya adhana, mwezi bado uko juu. Jambo la kwanza alisikiliza kifua cha Bibi. Kilikuwa kimya, kikipanda na kushuka taratibu. Alikunja godoro lake, akachukua fagio la chelewa, akafagia paa pembe kwa pembe, akijihadhari asimtimulie Bibi vumbi. Mchanga wa usiku akautia kapuni.

Mama aliinua kichwa kutoka kwenye mto, macho bado yamejaa usingizi. "Umefagia?"

"Nimefagia, Mama."

"Kavu?"

"Kavu. Njoo uguse."

Mama hakunyanyuka kwenda kugusa. Alivuta shuka mpaka mabegani, akageukia upande wa pili, akalala tena.